Fedha za Umoja wa Wenye Nyumba: Mazungumzo na Wastaafu Watarajiwa



Nimepewa dakika 40 nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo kwa kawaida halimo katika ratiba ya semina kama hii. Mmekwisha kusikia habari za kikokotoo, za mkupuo na za pensheni ya kila mwezi. Mmeelezwa faida za kufuga kuku na hatari za kumkopesha shemeji. Mimi nimeombwa nizungumzie nyumba, na hasa nyumba ya aina moja: ile unayoinunua ndani ya jengo lenye wamiliki wengi, ambamo vyumba ni vyako lakini ngazi, paa, lifti, pampu ya maji na geti ni vya wote. Wengi wenu mnaifikiria. Watoto wamehama, shamba liko mbali na hospitali, na nyumba ya ghorofani yenye mlinzi mlangoni inaonekana kuwa pumziko la haki baada ya miaka 35 ya kazi. Sina nia ya kulipinga wazo hilo. Nataka tuitazame pamoja hesabu ambayo muuzaji haiweki mezani.

Muuzaji huonyesha bei. Chini ya bei, kwa herufi ndogo, huandika ada ya huduma za pamoja, tuseme shilingi 100,000 kwa mwezi, na mnunuzi huipita kama anavyopita maelezo ya nyuma ya tiketi ya basi. Kwa mtu anayepokea mshahara, pengine ada hiyo ni jambo dogo kweli. Kwa mstaafu sivyo. Bei ya nyumba hulipwa mara moja, kutoka katika mkupuo. Ada hulipwa na pensheni, mwezi hata mwezi, hadi mwisho wa maisha, na pensheni haiongezeki kwa sababu pampu imeungua.

Kabla ya kurudi nyumbani naomba niwapeleke Marekani kwa muda mfupi. Majengo yetu ya namna hii mengi bado ni machanga, ilhali ya wenzetu yamekwisha kuzeeka, na ni uzeeni ndipo jengo hueleza ukweli wake.

Tarehe 1 Januari 1960, mjenzi aitwaye Del Webb alifungua mji wa Sun City juu ya mashamba ya zamani ya pamba, karibu na jiji la Phoenix katika jimbo la Arizona. Alikuwa na nyumba tano za mfano, maduka, kituo cha burudani na uwanja wa gofu. Wapo waliocheka: nani angenunua nyumba jangwani ili aishi na wazee watupu? Katika siku tatu za mwanzo walifika watu wapatao 100,000 kutazama. Mji ukakua, ukaigwa, na leo mitaa ya wastaafu ya mfano huo imetapakaa katika nchi ile. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1995 inauruhusu mtaa kujitenga kuwa wa wazee endapo angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa zina mtu aliyefikisha umri wa miaka 55. Mjukuu huja kutembea. Kuhamia ni jambo jingine. Kwa desturi zetu sisi, nadhani sharti hilo lingezua mgogoro kabla rangi ya ukutani haijakauka.

Sun City haina meya wala baraza la mji hata leo. Mabwawa ya kuogelea, kumbi na viwanja vya gofu ni mali ya shirika lisilo la faida, ambalo kila mwenye nyumba hulilipa ada ya mwaka, awe anaogelea au haogelei. Na kila anayenunua nyumba hutoa pia, mara moja, mchango wa kuhifadhi na kuboresha majengo hayo. Kuna vikundi zaidi ya 100: vya kushona, vya kuchonga mbao, vya karata, vya ngoma. Wapo wakazi waliojitolea kusafisha kando za barabara, na wengine hufanya doria kwa kushirikiana na polisi wa kaunti. Angalieni kwamba mikono hiyo ya hiari ni fedha. Kila barabara inayofagiwa na jirani ni mshahara ambao haukulipwa, na ndiyo sababu mojawapo ya ada kubaki nafuu. Lakini anayefagia naye anazeeka. Mtaa unaotegemea nguvu za watu wa miaka 65 lazima ujiulize watakapofika 80 kazi itafanywa na nani, na kwa fedha ipi.

Kuna upande mwingine wa Sun City usiopambwa katika vipeperushi. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, wilaya ya shule iliyokuwa imeujumuisha mji huo iliwaomba wapiga kura idhini ya kukopa fedha za kujenga shule. Mara kwa mara kura za wastaafu zilizima maombi hayo, hata mwishowe mji ukatolewa katika wilaya hiyo ya shule. Sisemi hivi ili kuwalaumu. Mtu mwenye kipato kisichobadilika, aliyekwisha kusomesha wanawe, aliulizwa kama yu tayari kulipia madarasa ambayo yeye hatayatumia, naye akajibu kama wengi wetu tungejibu. Naomba mlikumbuke jibu hilo, maana swali la namna hiyo hiyo huulizwa ndani ya kila jengo la pamoja, na safari hii hakuna mahali pa kuwatolea wanaoulizwa.

Mfano wa pili unatoka Surfside, karibu na Miami katika jimbo la Florida. Champlain Towers South lilikuwa jengo la ghorofa 12 lenye nyumba 136, lililokamilika mwaka 1981 ufukweni mwa bahari. Halikuwa la wastaafu peke yao, ingawa wastaafu walikuwamo. Mwaka 2018 mhandisi aliyeajiriwa na umoja wa wamiliki aliandika kwamba zege chini ya eneo la bwawa la kuogelea lilikuwa na uharibifu mkubwa, kwa kuwa maji hayakuzuiwa wala kuondolewa ipasavyo. Fedha za kazi hiyo hazikuwapo katika akiba. Yakafuata mabishano, mwaka 2019 wajumbe kadhaa wa bodi walijiuzulu. Ilipofika Aprili 2021 bodi ilipitisha mchango maalumu wa dola milioni 15. Fungu la kila nyumba, kwa kadiri ya ukubwa wake, lilianzia takriban dola 80,000 na kupanda hadi zaidi ya dola 300,000, na malipo yalitakiwa kuanza Julai. Tarehe 24 Juni 2021, usiku wa manane, sehemu kubwa ya jengo ikaanguka. Watu 98 walikufa.

Chanzo cha jengo kuanguka ni kazi ya wahandisi kukieleza, nami sitawaingilia. Mimi natazama daftari la fedha. Kabla ya mwaka ule, sheria ya Florida iliwaruhusu wamiliki wa majengo ya namna hiyo kupiga kura ya kutoweka akiba ya matengenezo makubwa, mwaka baada ya mwaka, ili ada ibaki chini. Majengo mengi yalifanya hivyo, na mnunuzi aliyekuja akaona ada ndogo, akafurahi. Mwaka 2022 sheria ilibadilishwa: majengo ya ghorofa tatu na kuendelea yakatakiwa kukaguliwa yanapofikia umri fulani, na kufanyiwa tathmini ya akiba kila baada ya miaka 10, na ile njia ya kukwepa akiba ya paa na mihimili kwa kura ikabanwa. Hapo deni la miaka 30 likadaiwa kwa mpigo. Ada zikapanda sana, na wapo wastaafu waliolazimika kuuza nyumba walizodhani watafia humo. Wote walikuwa wamelipa ada zao kwa uaminifu. Kosa lilikuwa katika ada yenyewe, kwamba haikuwa ya kweli.

Sasa turudi kwetu. Tangu mwaka 2008 tuna sheria inayomwezesha mtu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake mwenyewe, hati ambayo wengi mnaifahamu kwa jina la hati pacha. Sheria hiyo inawatambua wamiliki wa jengo moja kuwa chama chenye wajibu wa kutunza maeneo ya pamoja na kukusanya michango ya kazi hiyo. Kwa maneno mengine, ukinunua nyumba humo umeingia chamani, utake usitake, na madeni ya chama yana sehemu yako.

Naomba tufanye hesabu moja ya mfano tu. Bei halisi mtaziuliza kwa mafundi. Jengo lina nyumba 24, zote sawa, na lifti itakayodumu miaka 20. Tuseme lifti mpya ni shilingi 120,000,000. Gawanyeni kwa nyumba 24: kila nyumba ni 5,000,000. Gawanyeni kwa miaka 20: ni 250,000 kwa mwaka, yaani chini kidogo ya 21,000 kwa mwezi. Hicho ni kiasi ambacho mstaafu anaweza kukibeba. Jengo likisubiri hadi ibaki miaka mitano, kiasi kinakuwa zaidi ya 83,000 kwa mwezi. Likisubiri hadi lifti isimame, ni milioni tano kwa mkupuo, kutoka kwa mtu ambaye mkupuo wake ulikwisha siku aliponunua nyumba. Na hiyo ni lifti peke yake. Bado paa, matangi, jenereta, mabomba ya majitaka na rangi ya nje.

Kwa hiyo ada mnayoonyeshwa ina sehemu mbili, hata kama karatasi haikuzitenganisha. Ya kwanza huliwa mwezi ule ule: mlinzi, usafi, LUKU ya ngazi na pampu, taka. Ya pili hulala benki ikisubiri uchakavu. Ukiona ada ambayo yote inaishia kwa mlinzi na LUKU, hujapewa nafuu. Umekopeshwa bila kuulizwa, na tarehe ya kulipa haijaandikwa. Kati ya majengo mawili yanayofanana, mimi ningemshauri mzazi wangu achague lenye ada kubwa zaidi iwapo ziada hiyo inaonekana katika taarifa ya benki.

Sasa nije kwenye jambo gumu zaidi, ambalo wahasibu hawaliandiki. Nalo ni muhali.

Katika majengo mengi mhazini ni mmoja wa wakazi. Mara nyingi ni mtu mzima mwenye heshima, aliyewahi kushika ofisi, ambaye amekubali kazi isiyo na malipo kwa sababu wengine wote waliinamisha vichwa. Anakusanya fedha, nyingine kwa simu, nyingine mkononi; anamlipa fundi, anaandika katika daftari. Miaka miwili inapita. Kuna mtu anayetaka kuona risiti, lakini atasemaje? Mhazini huyo ndiye aliyesimamia mazishi ya mama yake. Wanasali pamoja. Wakikutana ngazini humwamkia kwanza. Kuomba hesabu kunaonekana kama kumwita mwizi, basi ananyamaza, na wenzake wananyamaza, na siku fedha zinapohitajika hakuna ajuaye zipo ngapi. Pengine hazikuibwa hata senti. Lakini mhazini mwaminifu asiye na hesabu zilizokaguliwa hana namna ya kuonyesha uaminifu wake, na minong'ono ya ngazini itamuumiza yeye kuliko wote.

Dawa tunayoipendekeza ni kuliondoa swali mdomoni mwa mtu na kuliweka katika katiba ya chama. Katiba iseme kwamba taarifa ya benki hubandikwa kwenye ubao kila robo mwaka, kwamba fedha hutoka kwa sahihi zaidi ya moja, kwamba kazi inayozidi kiasi fulani haitolewi bila makadirio ya mafundi watatu, na kwamba hesabu hukaguliwa na mtu asiyeishi jengoni. Hapo hakuna anayemshuku mwenzake. Ni kanuni inayouliza. Mhazini mwenyewe awe wa kwanza kuidai kanuni hiyo.

Muhali unaonekana waziwazi zaidi wakati wa msiba. Kwetu jirani akifiwa tunachangishana, na hiyo ni sehemu ya kuishi pamoja. Jengo ambalo watu hawazikani si mahali pa kuzeekea. Taabu huanza pale ambapo rambirambi na fedha za jengo zimo katika akaunti moja. Mwili uko hospitali, gari la kusafirisha linahitajika usiku huu, na mhazini ana milioni tatu za pampu. Nani atasema hapana? Zinatolewa, kwa makubaliano kwamba zitarudishwa baada ya arobaini. Wakati mwingine hurudi. Mwezi wa tano pampu inakufa, wakazi wa ghorofa ya nne, wengi wao wazee, wanapandisha ndoo. Si haki kumlazimisha mtu kuchagua kati ya maiti ya jirani na maji ya majirani wengine 23. Fungueni mifuko miwili, yenye akaunti mbili na watia sahihi tofauti, tena mifungue wakati hakuna mgonjwa wala mfiwa, ili yeyote asidhani kwamba kanuni imetungwa kwa ajili yake.

Nisije nikaeleweka kwamba ujirani ni adui wa hesabu. Jengo ambamo watu hawajuani hushindwa hata kufikisha akidi ya mkutano mkuu. Mmiliki mmoja yuko ng'ambo, mwingine amepangisha na mpangaji hajui kama chama kipo, wa tatu hupokea simu ya mwenyekiti siku ya Eid na Krismasi tu. Maamuzi ya wote hufanywa na watu sita. Mahali ambapo wakazi hunywa kahawa pamoja jioni, hubadilishana mbegu za mchicha, au huangalia mpira ukumbini, mkutano hujaa, kwa kuwa mtu huja pia kuonana na wenzake. Isitoshe, majirani wanaojuana ndio wanaogundua mapema kwamba bibi wa ghorofa ya pili ameacha kulipa ada. Aghalabu si ukaidi: pensheni imechelewa, au mwenzi amefariki na kipato kimepungua. Kamati yenye busara humwendea kwa faragha na kupatana naye kulipa kwa awamu kabla deni halijafika kwa wakili. Jina la mdaiwa kubandikwa getini ni aibu isiyoleta fedha, nasi hatuishauri.

Kabla ya kulipa hata malipo ya awali, mwambieni muuzaji awape mihutasari ya mikutano ya miaka miwili iliyopita. Isomeni mihutasari hiyo kwa makini kuliko kipeperushi chenye picha, maana humo ndimo mtakamosoma kwamba paa linavuja tangu masika ya mwaka juzi. Ombeni hesabu zilizokaguliwa, salio la mfuko wa akiba na idadi ya wamiliki wenye malimbikizo. Robo ya wamiliki wakiwa hawalipi, ada iliyoandikwa siyo mtakayolipa. Ulizeni kama mjenzi ameikabidhi menejimenti kwa wamiliki, au bado anaiendesha kupitia kampuni yake, na kama nyumba zake ambazo hazijauzwa zinachangia ada. Ulizeni jengo limekatiwa bima ya moto na nani, na risiti ya mwaka huu iko wapi. Muuzaji akisema nyaraka hizo ni siri, mwambieni mtarudi zitakapoacha kuwa siri. Kisha pandeni ngazi kwa miguu hadi juu, saa kumi na mbili jioni, watu wakiwa wamerudi nyumbani. Mzungumze na mlinzi, naye aghalabu anajua mengi kuliko wakala.

Kwa walio tayari ndani ya majengo, ofisi yetu hupokea malalamiko kwa maandishi. Leteni nakala ya mkataba, risiti za ada na barua mliyoiandikia kamati au msimamizi, hata kama haikujibiwa. Lalamiko lisilo na karatasi tutalisikiliza, lakini litatuchukua muda mrefu zaidi.

Limebaki swali ambalo huulizwa karibu kila mahali ninapozungumza, nalo huulizwa na mzee wa miaka sabini na kitu, kwa sauti ya chini: kwa nini nichangie lifti itakayobadilishwa nikiwa nimekwisha kwenda? Ni swali la haki, na ndilo lile la Arizona. Jibu langu la kihesabu ni kwamba lifti ya leo unaichakaza leo, na 21,000 ya mwezi huu ni ya safari zako za mwezi huu, si za atakayekuja. Zaidi ya hapo, nyumba itarithiwa au itauzwa. Jengo lenye mfuko uliojaa huuzika kwa bei yake, na warithi hawakutwi na deni la paa katikati ya matanga. Hata hivyo nakubali kwamba kuna mjane ambaye 21,000 hizo ni dawa zake za presha, na hesabu yangu haimponyi. Kwake, chama kinaweza kuamua, kwa kura na kwa maandishi, kwamba sehemu yake ya akiba isidaiwe sasa bali ikatwe nyumba itakapouzwa. Pendekezo hilo lipelekwe kwenye mkutano mkuu na lijadiliwe mwenyewe akiwapo.

Mwenyekiti amenionyesha saa. Tuna dakika kumi za maswali, na kama hamtajali tuanze na akina mama wa safu ya nyuma, ambao nimewaona wakiandika tangu tulipofika kwenye habari za mhazini.